Rangi Inayotoka Motoni

Ushanga wa udongo usiopakwa rangi hauna pa kuficha kasoro. Ukiuvika rangi ya kioo, ile inayoyeyuka tanurini na kuganda ikimeremeta, jicho la mtazamaji linatua kwenye rangi na huenda lisiende mbele zaidi. Ushanga uliobaki na rangi yake, iwe kijivu, hudhurungi, maziwa au weusi wa masizi, humlazimisha mtu kutazama umbo. Umekaa sawa? Tundu limepita katikati? Ngozi yake imesuguliwa ikaisha, au mtu alichoka akaiacha njiani? Kwa miaka sasa nimekuwa nikiwafuata wafinyanzi wa vidani na vipuli, na kila ninapokuta kazi ya rangi tulivu iliyofanywa ikafanyika, najua aliyeifanya amejitwika mtihani mgumu kwa hiari yake.

Sisemi kazi ya rangi kali ni nyepesi. Karakana ya Kazuri ilianzishwa mwaka 1975 na Susan Wood katika kitongoji cha Karen, Nairobi, akiwa na wanawake wawili waliokuwa wakilea watoto peke yao. Ikakua ikaajiri mamia ya wanawake, na shanga zao za rangi za kila namna zimevaliwa pande nyingi za dunia. Watu wengi hapa kwetu walijifunza kwa Kazuri kwamba udongo unaweza kukaa shingoni penye dhahabu na fedha bila kuona haya. Mimi nataka kuzungumzia upande mwingine wa kazi hiyo hiyo: mfinyanzi anapoliweka kando kopo la rangi, anabaki na nini mkononi?

Anabaki na udongo, na ndani ya udongo kuna chuma. Udongo wa kawaida wa mabondeni na kandokando ya mito yetu una chuma cha kutosha kuamua karibu kila rangi atakayoipata. Ukichomwa penye hewa tele, chuma hukutana na oksijeni na kitu hutoka chekundu, ule wekundu wa mitungi na vigae vya paa. Ukichomwa mahali palipozibwa, moto hukosa oksijeni ya hewani na kuanza kuinyonya ile iliyomo ndani ya udongo wenyewe. Chuma hubadilika, moshi hupenya kwenye vinyweleo na kuacha masizi yake humo, na udongo ule ule hutoka kijivu au mweusi. Kati ya ncha hizi mbili zimo rangi nyingi zisizo na majina ya dukani: kahawia inayoelekea zambarau, kijivu chenye joto ndani yake, wekundu uliofifia kwa moshi wa dakika chache. Hakuna hata moja iliyopakwa juu. Ukiuvunja ushanga mwekundu uliochomwa vizuri, utaukuta ni mwekundu mpaka katikati.

Weupe hutafutwa kwingine. Kaolini ni udongo usio na chuma cha kuutia doa, na vilima vya Pugu, nje kidogo ya Dar es Salaam, vinayo kaolini hiyo. Mapango ambayo watu huenda kuyatembelea huko ni machimbo yake. Peke yake kaolini haifinyangiki kwa urahisi na inadai moto mkali sana. Kwa hiyo mtengenezaji wa vidani huikoroga na maji ikawa uji mzito, akaipaka juu ya ushanga wa udongo mwekundu. Hapo ndipo subira inapoanza kudaiwa. Udongo hunywea unapokauka na unapochomwa, na kaolini hainywei kwa kiasi kile kile. Uji ukipakwa juu ya ushanga uliokwisha kukauka, utabanduka vipande vipande, pengine siku ile ile, pengine wiki ya tatu ukiwa tayari shingoni mwa mteja. Mafundi hulitatua hili kwa kuupaka uji mapema, ushanga ungali na unyevu, na kwa kuchanganya ndani ya uji kiasi cha udongo ule ule mwekundu ili aina hizo mbili za udongo zijuane. Kila kijiko cha udongo mwekundu kinachoongezwa kinasogeza rangi: kutoka weupe wa chokaa hadi maziwa, kutoka maziwa hadi samli, hadi mchanga wa ufukweni maji yakitoka. Nimeona karakana ambako vipande vidogo vya majaribio vimetundikwa ukutani kwa safu, kila kimoja kikiwa na alama ya vipimo vyake mgongoni. Kwangu ukuta ule ni mzuri kuliko maduka mengi ya vito niliyoingia.

Anayetaka kuona jambo hili likifikishwa mbali kabisa atazame kazi za Magdalene Odundo, aliyezaliwa Nairobi mwaka 1950 na ambaye kwa miongo mingi amefanya kazi yake Uingereza. Yeye ni mtu wa vyombo, si wa shanga. Hufinyanga bila gurudumu, akipandisha kuta kwa mkono, kisha huzisugua, akazipaka uji mlaini wa udongo, akazisugua tena. Chombo kikichomwa penye hewa hutoka na rangi ya chungwa inayowaka. Akikitaka cheusi, hukirudisha motoni na kukizibia hewa. Mwaka 1974 na 1975 alikuwa Nigeria, katika kituo cha ufinyanzi cha Abuja, mji ambao leo unaitwa Suleja, akijifunza miongoni mwa wafinyanzi wa huko, akiwemo Ladi Kwali. Mwaka 2020 Uingereza ilimpa cheo cha Dame. Karibu maisha yake yote ya kazi ameyaishi kati ya rangi hizo mbili, na hakuna aliyetoka mbele ya vyombo vyake akisema amekosa rangi ya kutazama. Shingo ndefu, matumbo yaliyoinama kidogo, vichuchu vidogo vinavyopanda mgongoni mwa chombo: yote hayo yanaonekana kwa sababu hakuna kinachoyapigia kelele.

Karibu zaidi nasi wapo wanawake wa Kikisi, katika kijiji cha Ikombe, pembezoni mwa Ziwa Nyasa chini ya milima ya Livingstone. Vyungu vyao husafirishwa kwa mitumbwi hadi soko la Matema, na mapambo yake ni ya udongo mweupe na mwekundu basi. Mtu anayebuni kidani cha rangi tulivu hana haja ya kununua majarida ya mitindo ya ng'ambo ajifunze jinsi rangi mbili zinavyogawana nafasi. Angekaa asubuhi moja pale sokoni, akatazama pale ambapo mkono wa mfinyanzi ulikoma kupaka. Palipoachwa wazi pamepimwa kwa uangalifu sawa na palipopambwa.

Sasa tushike ushanga wenyewe.

Kabla ya kukata udongo, mbunifu hupiga hesabu ya uzito. Udongo uliochomwa una uzito unaokaribia mara mbili ya maji. Ushanga wa duara wenye kipenyo cha sentimita 2 utakuwa na gramu 8 hivi. Tunga 30 za namna hiyo na umemtundikia mtu karibu robo kilo shingoni. Atakivua kidani kabla biriani ya harusi haijapakuliwa. Lakini ushanga wa sentimita 1, nusu ya kipenyo kile, una gramu 1 tu. Tofauti hiyo kubwa, inayomshangaza kila anayeanza kazi hii, ndiyo inayoeleza kwa nini vidani vingi vizuri huanza na vijishanga kisogoni, vikaongezeka ukubwa polepole kuelekea kifuani, ambako vile vikubwa vitatu au vitano hupewa nafasi yao. Vipuli ndivyo vyenye hesabu kali zaidi. Kibapa cha duara cha sentimita 3, chenye unene wa milimita 4, kina gramu 5 na ushei. Kipunguze hadi milimita 2 na nusu kinakuwa na gramu 3 na kidogo, na sikio litakisahau. Bibi zetu wa pwani waliovaa majasi walitanua ndewe zao taratibu tangu utotoni. Msichana wa leo mwenye tundu la sindano hana mazoea hayo, na mbunifu anapaswa kumhurumia.

Wembamba nao una gharama. Kibapa chembamba kikikauka upande mmoja kabla ya mwingine hujikunja, na kikishajikunja hakinyooki tena, ukikilazimisha kinapasuka. Dawa yake ni kukibana kati ya mbao mbili au karatasi za magazeti na kukigeuza kila baada ya muda, siku nzima, bila kukianika juani. Halafu kuna ule unyweaji niliokwisha kuutaja. Mara nyingi udongo hupoteza kama sehemu moja ya kumi ya upana wake kabla haujamaliza safari, kwa hiyo kila kitu hufinyangwa kikubwa kuliko kinavyotakiwa kuwa, tundu likiwemo.

Tundu! Hapa ningependa kukaa kidogo, maana watu wengi hulidharau. Ushanga ukitobolewa ungali laini mno, hubonyea na kupoteza duara lake. Ukitobolewa umekauka, unachanika pembeni. Upo muda mfupi katikati, udongo umekaza lakini bado una ubaridi wa maji, na ndani ya muda huo tundu hupita bila kuacha jeraha. Wengi hutumia spoku ya baiskeli iliyonolewa. Wapo pwani wanaotumia chelewa, ile njiti ya ukuti wa mnazi, na mimi naipenda njia hii kuliko nyingine. Chelewa huingizwa kwa kuzungushwa polepole kutoka upande mmoja hadi katikati, kisha huingizwa upya kutoka upande wa pili, ili mahali inapotokea pasivimbe. Ikiachwa ndani, itaungua motoni na kuacha njia safi. Baadaye kidole chenye maji kidogo huzungushwa mdomoni mwa tundu kuondoa makali. Mdomo wenye makali hukata uzi, hata kama utachukua mwaka mzima kufanya hivyo. Ukitaka kumjua mtengeneza shanga, usitazame uso wa ushanga. Uinue juani na utazame ndani ya tundu.

Baada ya tundu huja ngozi, na ngozi ndiyo inayofanya kazi ambayo rangi ingefanya. Kwenye ushanga wa rangi moja, kivuli ni rangi ya pili. Bonyeza udongo mbichi juu ya mkeka wa ukindu na utapata misalaba midogo inayoshika kivuli asubuhi na kukiachia adhuhuri. Ukingo wa kombe la pwani huacha mawimbi. Uzi wa wavu, kamba ya katani, ncha ya chelewa ile ile: kila kimoja kina mwandiko wake. Nchini Mali, vibonge vya udongo vilivyowekwa kwenye vijiti vya kusokotea pamba ili vizunguke kwa uzito vilichorwa mistari na nukta, mistari ikajazwa weupe, na leo vinatungwa kidanini na kuuzwa kama shanga. Udongo wa rangi ya moshi, mistari ya chokaa, basi. Vingine vimezunguka mikononi mwa wasokotaji mpaka pembe zake zimelainika, na ulaini ule haununuliki.

Sisi nasi tuna historia ya namna hiyo. Katika mji wa kale wa Shanga kisiwani Pate, na huko Kilwa, waliochimba mabaki ya kale waliokota vigae vya vyungu vyenye mifereji myembamba. Mifereji hiyo ilichimbika kwa msuguano. Mafundi wa pwani walichukua gae la chungu kilichovunjika, wakalitumia kunolea shanga za makombe ya bahari mpaka zikawa duara na sawa. Baadaye shanga za kioo zilizoletwa na pepo za kaskazi zilichukua nafasi kubwa shingoni na viunoni, na kinoo cha gae kikabaki ardhini kikisubiri. Methali yetu inasema mfinyanzi hulia gaeni. Wale wa Kilwa waliligeuza gae kuwa zana ya urembo, na ninapotazama picha za vigae hivyo navutiwa na mifereji yake kuliko na vyombo vya kifalme vilivyopatikana jirani. Katika mfereji unaona muda wa mtu.

Kuna wanaoiacha ngozi ya ushanga ikiwa kavu, isiyong'aa. Kuna wanaoing'arisha kwa jiwe. Udongo umejengwa kwa vipande vidogo mno vilivyo bapa. Jiwe laini la mtoni likipitishwa juu yake kwa wakati wake, vipande hivyo hulala upande mmoja, na mwanga ukianguka hurudi kwa pamoja. Mng'ao huo haufanani na wa rangi ya kioo. Uko ndani zaidi, na haukurushii mwanga machoni. Tatizo ni hilo neno "wakati wake". Nilimuuliza mama mmoja wa Bagamoyo, aliyeshinda maisha yake yote na udongo, anajuaje kwamba ushanga uko tayari kusuguliwa. Nilikuwa nimemwamkia, naye ameitika marahaba na kunisogezea kibao cha kukalia, lakini mikono yake haikusimama.

"Usitazame saa, mwanangu," alisema, akauchukua ushanga mmoja kutoka kwenye ungo na kunigusisha shavuni. Ulikuwa wa baridi. "Huu una maji bado. Ukija kuwa na joto la shavu lako, umeshachelewa. Sasa tafuta wa katikati."

Akaniachia ungo mzima. Niligusa shanga nyingi shavuni mwangu adhuhuri ile, nikijaribu kuhisi ubaridi uliokuwa unaondoka, na alipokuja kunikagua alitenga zile zilizofaa kwa kuzipitia mara moja tu na ncha za vidole. Tukazisugua. Ushanga wa ukubwa wa zabibu unaweza kula robo saa ya jiwe, na huwezi kuharakisha: ukikandamiza unaacha michirizi, ukilegeza hakuna kinachotokea. Mama yule husugua kwa mizunguko midogo, haraka lakini kwa wepesi, kisha huuacha ushanga upumzike na kuurudia tena baadaye, kwa sababu udongo unaoendelea kukauka hufifisha mng'ao wa kwanza. Wa pili ndio unaokaa.

Kisha moto. Naupenda moto wa shanga kwa sababu haumwachii mtu umiliki wote wa kazi yake. Mwanzo wake ni wa polepole sana. Maji yaliyojificha ndani ya udongo yakifika nyuzi joto 100 yanageuka mvuke, na yakikosa njia ya kutokea ushanga unapasuka kwa mlio. Joto likikaribia nyuzi 600, udongo hupoteza hata yale maji yaliyokuwa sehemu ya maumbile yake, na kuanzia hapo hauwezi tena kurudi kuwa tope, hata ukiuloweka mwaka mzima. Shanga zilizong'arishwa kwa jiwe hazitaki moto upande mno. Ukikaribia nyuzi 1,000 ule mng'ao uliotafutwa kwa saa nyingi huanza kufa. Kwa hiyo mfinyanzi wa rangi tulivu hufanya kazi ndani ya uchochoro: moto utoshe kuikomaza kazi, usitoshe kuipofusha.

Shanga zisizo na rangi ya kioo zina neema moja. Hazishikani. Zile za rangi ya kioo lazima zitungwe kwenye waya na kutenganishwa, la sivyo zitaganda pamoja. Hizi zinaweza kurundikwa chunguni zikigusana, na kugusana huko kunaandika juu yake. Anayetaka nyeusi huzipanga ndani ya chungu pamoja na maranda ya seremala au pumba za mpunga, akakifunika kwa kifuniko kilichozibwa kwa tope, na kukitia motoni. Ndani mnakuwa na moshi bila hewa. Ushanga ulioegemea ukuta wa chungu hutoka na kiraka cha kijivu. Ule uliofunikwa na wenzake hubaki na duara jekundu lililofifia pale ulipobanwa. Huwezi kuagiza kiraka kiwe wapi. Unaweza kupanga maranda yawe mengi upande huu na machache upande ule, ukajua kwa uzoefu kitu gani kina uwezekano wa kutokea, na mengine ukayapokea.

Ndiyo maana nadhani ubunifu wenyewe hufanyika baada ya moto. Mtu huchoma shanga nyingi kuliko anazohitaji. Zikipoa, humwaga zote juu ya kitambaa cheupe, penye mwanga wa nje na si wa taa, na kuanza kuzipanga. Nyeusi tii huku. Nyeusi zenye ubuluu wa mbali kule. Kijivu cha moshi, kijivu cha jivu lililopoa, kahawia, ile ya ugoro, wekundu mkavu, maziwa. Dakika za mwanzo zote huonekana sawa. Baada ya saa nzima jicho limekuwa kali kiasi cha kukataa ushanga mmoja kwa sababu uwekundu wake umezidi wa jirani yake kwa unywele. Huu ndio ustadi ninaoustahi kuliko wote katika kazi hii, na hauonekani kabisa kwa anayekutana na kidani kikiwa kimetundikwa dukani. Mbunifu mwema anajua pia kuzivunja safu zake. Kidani kinachotoka weupe kwenda weusi kwa hatua zilizo sawa kabisa huchosha. Ushanga mmoja wa maziwa ukiachwa kati ya nyeusi saba, kando kidogo na katikati, unaifanya shingo nzima iamke.

Utungaji haupaswi kupuuzwa. Udongo husaga udongo, kwa hiyo shanga zilizobanana zitalana midomo mpaka vumbi jekundu lianguke kwenye kola ya nguo. Fundo dogo kati ya ushanga na ushanga, au kibapa chembamba cha kifuu cha nazi, huzitenganisha na kuzipa nafasi ya kucheza. Uzi wa pamba uliopakwa nta ya nyuki huvumilia jasho. Wengine huongeza vipete vya shaba, na inapendeza vikiwa vichache.

Siku hizi vijana wengi wa mijini hufanya vipuli kwa ule udongo wa plastiki unaokuwa mgumu kwenye oveni ya jikoni kwa nyuzi 110 hadi 130. Jina lake ni udongo, lakini umetokana na plastiki ile ya jamii ya mabomba. Ni mwepesi, hauvunjiki upesi, unaruhusu vipuli vikubwa ambavyo udongo wa ardhini haungeviruhusu, na nimeona kazi zake za kijivu na mchanga zilizobuniwa kwa akili sana. Ninachokikosa humo ni moto. Rangi iliyoingia ndiyo rangi itakayotoka, na mfinyanzi hana cha kusubiri usiku kucha.

Mavazi yetu nayo yana neno. Kanga na vitenge vina sauti kubwa tayari, na kanga ina maneno yake yaliyoandikwa chini. Kidani cha buluu na manjano juu ya kanga ni watu wawili wanaozungumza kwa wakati mmoja. Kidani cheusi kilichong'arishwa kwa jiwe, chenye ushanga mmoja au shanga mbili za maziwa, kinaiacha kanga iseme yake. Juu ya buibui kinafanya jambo jingine: weusi juu ya weusi, mmoja wa kitambaa na mmoja wa moto, na kinachoonekana ni tofauti ya ngozi zao. Na juu ya ngozi ya mwili wa mtu mweusi, bila kitambaa kati yao, rangi hizi zote za chuma na moshi zimekaa nyumbani.

Najua hoja ya dhahabu. Mama anayemnunulia binti yake bangili za dhahabu anamwekea akiba. Siku ya shida zitauzwa kwa uzito. Kidani cha udongo hakiuziki kwa uzito. Bei yake yote ni mikono na siku, na anayekiuza nafuu amejipunja yeye mwenyewe. Mnunuzi akiniuliza alipe nini, humwambia akigeuze kidani, atazame migongo ya shanga na midomo ya matundu, akipime kwa kukivaa kwa muda pale pale, halafu alipe bila kuvutana sana.

Atakuwa amenunua kitu kitakachobadilika. Udongo uliochomwa kwa moto wa wastani una vinyweleo, na vinyweleo hunywa. Tone la mafuta ya asumini au marashi likidondoshewa ushanga mkavu litaingia na kukaa, na kidani kitanukia kwa siku kadhaa kila shingo inapopata joto. Kinakunywa pia mafuta ya nazi, jasho na vidole. Zile za maziwa hupata ukahawia upande unaolala kwenye ngozi, kisogoni zaidi kuliko kifuani. Wapo wanaoyapenda mabadiliko hayo na wapo wasioyapenda, na kwa hawa wa pili ipo njia. Mafuta yale yataungua motoni. Hata weusi unaondoka: ushanga mweusi ukirudishwa motoni penye hewa tele, masizi huungua, chuma hupata oksijeni yake na wekundu wa kwanza hurudi. Aliyevaa kidani cheusi tangu harusi yake, na sasa anautamani wekundu, anaweza kukikata, kuzipeleka shanga kwa mfinyanzi na kumwomba azichome wazi, moto usipande sana ili mng'ao wa jiwe ubaki. Atahitaji uzi mpya.